Rizki Iliyomo Katika Gunia Tupu

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa mwambao wetu, nyuma ya mlango wa jikoni au chini ya ngazi, hapakosi gunia. Lilikuja na mchele, au na maharage, au na kahawa, na yaliyomo yalipokwisha likakunjwa likawekwa. Baada ya muda hulazwa mlangoni watu wakafutia miguu, kisha hutupwa jaani, wala hapana amwulizaye mwenye nyumba ametupa nini. Sisi leo twapenda kuwauliza wasomaji wetu, hasa mama wa nyumba na mabinti wanaojifunza kushona, walizingatie moja katika magunia hayo, nalo ni gunia la kahawa. Tumeona kwa macho yetu ya kwamba katika gunia tupu mna rizki ya halali kwa mtu mwenye sindano, subira na uaminifu. Na tumeona pia ya kwamba akikosa moja katika hayo matatu, gunia humtia hasarani, yeye na aliyenunua kwake.

SAFARI YA GUNIA

Watu wengi hudhani ya kuwa kila gunia la kahawa limefumwa kwa katani ya mkonge. Yako kweli magunia ya katani. Lakini lile lililo laini kidogo, lenye rangi ya dhahabu iliyofifia, aghalabu ni la juti. Juti ni nyuzi za mmea unaolimwa zaidi Bangladesh na India, katika mabonde yenye maji mengi ya mito Ganges na Brahmaputra. Ziko aina mbili za mmea huo, na moja katika hizo ni ndugu wa karibu kwetu kuliko tunavyodhani, kwani majani yake huliwa katika mboga tuiitayo mlenda, na Wamisri huipika wakaiita mulukhiya. Basi mmea mmoja, majani yake ni kitoweo na shina lake ni gunia.

Mashina hayo hukatwa yakafungwa matita, kisha huzamishwa katika maji yaliyotulia kwa muda wa wiki mbili au tatu hata gamba lioze. Hapo watu husimama majini wakazichomoa nyuzi kwa mikono, wakazisuuza na kuzianika. Katika karne ya 19 mji wa Dundee, huko Scotland, ulijifunza kuzisokota nyuzi hizo kwa mashine baada ya kuzilainisha kwa mafuta ya nyangumi, na mwaka 1855 kiwanda cha kwanza cha kuzisokota kilisimamishwa Rishra, karibu na Calcutta. Mwaka 1951 kilianzishwa huko Narayanganj, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, kiwanda cha Adamjee, kilichokuja kuhesabiwa kuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani katika kazi hiyo. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2002, baada ya gunia la plastiki kulishinda gunia la juti kwa urahisi wa bei.

Walakini kahawa haikuliacha gunia lake. Magunia huja matupu hata Mombasa na Dar es Salaam, yakapanda bara mpaka Nyeri, Kilimanjaro na Mlima Elgon, yakajazwa buni kilo 60 kila moja, yakashuka tena pwani kupakiwa merikebuni. Kipimo hicho kimeshika mizizi hata leo hesabu ya kahawa ya ulimwengu mzima hufanywa kwa magunia ya kilo 60, ijapokuwa kahawa nyingine husafirishwa ikiwa imemiminwa tu ndani ya kontena. Na mazao ya mwaka mmoja yamekwisha kupita magunia milioni 160. Buni ikifika Hamburg au Trieste hufunguliwa kwa kisu ikamwagwa, na gunia lililovuka bahari mbili likawa halina kazi tena.

Kwa hiyo ndugu zetu wanaoishi Ulaya, Marekani na Ghuba waweza kuyapata magunia hayo kwa wakaanga kahawa wa miji yao kwa bei ndogo, na pengine bure. Sisi tulio huku huyapata kwa wakaangaji wa hapa petu na kwa wauza magunia makuukuu, ambao hawakosi katika mji wowote wenye soko.

KWA NINI SASA

Ipo sababu ya kulisema jambo hili wakati huu. Bangladesh ilipiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2002. Rwanda ilifuata kwa sheria ya mwaka 2008. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti, 2017. Na Tanzania tangu tarehe 1 Juni, 2019. Kila mwenye kwenda sokoni sasa hana budi awe na mkoba wake. Mama zetu wa zamani hawakuwa na shida hiyo, kwani walikuwa na vikapu vya ukindu, na mkono wa kusuka walikuwa nao. Sisi tulioviacha vikapu tumerudi kuhitaji kitu cha mfano wake, na wenye kutuuzia wengi wao hutuuzia mifuko ya vitambaa vya plastiki isiyokaa hata mwaka.

Tena iko sababu iliyo kubwa kuliko hiyo. Uharibifu wa mali umekatazwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, na mwenye kufanya ubadhirifu ametajwa humo kwa udugu mbaya kabisa. Sisi hudhani makatazo hayo ni ya matajiri wenye karamu, tukasahau ya kuwa masikini naye aweza kutupa. Bwana Mtume (Rehema na Amani zimshukie) alikuwa akishona kiatu chake na kutia kiraka nguo yake kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyoeleza Bibi Aisha. Na Bibi Zaynab binti Jahsh, mkewe, alikuwa fundi wa mikono, akitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata akakitoa sadaka. Hakuona kazi ya mkono kuwa ni aibu kwa mwanamke wa heshima, naye heshima yake yajulikana.

Tena msomaji akumbuke kisa kilichomo katika Sunan ya Abu Daud. Mtu mmoja katika Ansari alikwenda kwa Mtume kuomba. Mtume akamwuliza kama nyumbani mwake hamna kitu chochote. Akajibu ya kuwa mna nguo nzito, upande wake huivaa na upande huutandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume hakumpa sadaka, bali aliviuza vitu hivyo mbele ya watu kwa dirhamu 2. Kwa dirhamu moja mtu yule akawanunulia watu wake chakula, na kwa ya pili akanunua shoka, ambalo Mtume alilitia mpini kwa mkono wake, akamwamuru aende akakate kuni wala asimwone kwa muda wa siku 15. Aliporudi alikuwa amechuma dirhamu 10. Sisi twaona ya kwamba ile nguo nzito ya kutandika haikuwa mbali sana na gunia letu. Ilikuwa kitu kikavu, duni, kilicholala ndani ya nyumba yenye njaa, wala mwenyewe hakukihesabu kuwa ni mali mpaka alipoulizwa.

LIJUE GUNIA KABLA YA KULISHONA

Sasa twaja katika uaminifu. Tulipoanza kuijaribu kazi hii nyumbani kwetu tulinunua magunia 10 kwa mchuuzi mmoja, naye akatuhakikishia ya kuwa yote ni ya kahawa. Tuliyafungua kwa furaha, na mmoja wetu akaanza kuyakata siku ile ile. Jioni mikono yake ikawasha hata hakulala. Tulipoyatazama vizuri tuliona katika mishono ya magunia 2 vumbi la rangi ya waridi, na punje chache za mahindi zenye rangi hiyo hiyo. Yalikuwa yametiwa mbegu za kupanda, na mbegu za namna hiyo hutiwa dawa ya kuua wadudu, kisha hupakwa rangi makusudi ili mtu asije akazila. Tuliyatupa yote mawili, tukamshukuru Mwenyezi Mungu ya kuwa hatukuwa tumekwisha kumshonea mtu mkoba wa kutilia mkate.

Kwa ajili hiyo twawaambia wasomaji wetu: gunia lisilojulikana limetoka wapi lisiingie nyumbani. Gunia la kahawa aghalabu lina maandishi ya nchi lilikotoka, neno la kahawa, na nambari za shehena. Geuza ndani nje, kung'uta pembe zake, na utazame kilichoanguka. Ikianguka buni, au ganda jembamba la buni, shaka hupungua. Ukiona vumbi la rangi, au ukisikia harufu kali ya dawa, liache, hata ukipewa bure.

Harufu ya mafuta ya taa nayo ina sababu yake. Nyuzi za juti haziwezi kusokotwa bila ya kulainishwa kwa mafuta, na zamani yalitumika mafuta ya madini. Ilipoonekana ya kuwa mafuta hayo huingia katika kahawa na kakao, shirika la kimataifa la juti lilitoa kanuni mwaka 1998 ya kwamba magunia ya vyakula vya namna hiyo yalainishwe kwa mafuta ya mimea. Basi gunia linalonuka mafuta ya taa huenda ni kuukuu sana, au halikufanywa kwa ajili ya chakula.

Na ijapokuwa gunia ni safi la kahawa, lijulikane ya kuwa maghalani hufukizwa moshi wa kuua wadudu. Kwa hiyo lisitumiwe kulalia mtoto mchanga, wala chakula kisichofunikwa kisigusane nalo. Mkoba wa mboga utiwe bitana ya pamba inayoweza kufuliwa. Fundi akijua haya akanyamaza, na mnunuzi asijue, basi ameficha aibu ya bidhaa, na katika biashara ya Mwislamu hilo halijuzu.

NAMNA YA KUFANYA

Kwanza, gunia likung'utwe nje ya nyumba, na anayelikung'uta afunge kitambaa puani na mdomoni, maana vumbi la juti huudhi kifua. Mdomo wa gunia na ubavu wake vilishonwa kwa mshono wa mnyororo. Ukilipata lile fundo la mwanzo na ukalivuta kwa upande wake, uzi wote hufumuka kwa mvuto mmoja, wala huna haja ya mkasi. Uzi huo uuweke, utafaa.

Pili, lioshwe kwa maji baridi na sabuni kidogo, kwa mkono, bila ya kulisokota. Juti ikilowa hupungua nguvu, na maji ya moto huirudisha ikawa fupi, na dawa ya kung'arishia nguo huila. Harufu ikikaidi, litiwe katika maji yenye siki kidogo, kisha lisuuzwe. Lianikwe penye upepo na kivuli, kwa kuwa jua kali likikaa juu yake muda mrefu huligeuza rangi. Likikauka lipigwe pasi upande wa nyuma, kwa kitambaa kibichi.

Tatu, ndipo likatwe. Gunia halikatwi kwa macho. Tafuta uzi mmoja wa mshindio, uuchomoe wote toka upande mpaka upande, na pale ulipotoka patabaki mstari mwembamba ulionyoka. Mkasi na upite hapo. Fanya vivyo hivyo kwa mtande. Na kabla ya kukata, piga mshono mmoja kila upande wa mstari huo, au upake gundi nyembamba ukaiacha ikauke, kwa sababu juti iliyokatwa bila ya kushikwa hufumuka yote mkononi.

Gunia la kilo 60, likiisha kuoshwa na kukunjuliwa, hupata takriban sentimita 135 kwa 95. Hapo hutoka vipande 6 vya sentimita 45 kwa 38, navyo ni mikoba 3. Na ule ukanda uliobakia wa sentimita 19 ukigawanywa mara tatu kwa urefu, kisha kila mmoja ukakatwa katikati, ni mikanda 6 ya kushikia. Kila mkanda ukunjwe mara tatu na kutiwa ndani kipande cha kanga kuukuu, ili usimkate mtu mkono akichukua kilo 5 za viazi. Cherahani itiwe sindano nene, namba 100 au 110, na mshono uwe mrefu, tena urudiwe mara mbili. Asiye na cherahani atumie shazia na uzi wa katani. Kazi itakwenda polepole, lakini mshono wa shazia hauna aibu mbele ya mshono wowote.

Mwanzilishi asianze kwa mkoba. Aanze kwa kitandiko cha meza, achomoe nyuzi za kingo ili zifanye matamvua. Kisha ashone mfuko wa kutilia viatu msikitini, ambao hauhitaji ila mshono miwili na kamba. Baada ya hapo afanye foronya za mito ya barazani. Akiwa ni miongoni mwa mabinti waliojifunza kwa mama zao kutoboa na kushona kofia za viua, basi gunia kwake ni jambo jepesi, maana mkono uliozoea matundu madogo ya kofia hautashindwa na matundu makubwa ya juti. Na akitarizi maua kwa uzi wa rangi, kazi yake haitafanana na ya mtu mwingine sokoni.

Tunaongeza adabu moja. Baadhi ya magunia, hasa yatokayo Yemen na Harar, huweza kuwa na maandishi ya Kiarabu. Yasomwe kwanza. Yakiwa na jina la Mwenyezi Mungu, au jina la mtu lililotungamana na jina Lake, kipande hicho kisifanywe kitu cha kukanyagwa.

HESABU YA JASHO

Tulimzuru bibi mmoja wa Mombasa aliyefiwa na mumewe akaachiwa watoto watatu. Alikuwa amekopa kwa kaka yake fedha za kununulia cherahani, na kwa miezi miwili akashona mikoba ya magunia usiku na mchana. Mikoba ilikuwa mizuri, nayo ilinunuliwa yote. Jirani walimsifu, wakamwita hodari. Lakini mwezi wa tatu ulipoingia hakuwa na senti ya kumrudishia kaka yake, na alikuwa amekwisha azimu kumtoa skuli binti yake mkubwa aje amsaidie kushona, ili wauze zaidi. Tulimwuliza, “Mama, mkoba mmoja wauza kiasi gani?” Akajibu, “Wanangu, nauza shilingi 150, na watu hufurahi.” Tukamwuliza, “Na wewe wapata nini?” Akanyamaza.

Tuliketi naye tukaandika. Hesabu yenyewe ilikuwa kwa mfano huu: gunia shilingi 100, sabuni na maji 20, bitana 180, uzi na sindano 60, jumla 360 kwa mikoba 3, yaani 120 kwa kila mkoba. Akiuza 150 humbakia 30. Na mkoba mmoja, kwa kuosha, kukata na kushona, ulimchukua saa 3. Basi alikuwa akiuza saa moja ya macho yake na mgongo wake kwa shilingi 10. Jirani waliokuwa wakimsifu ndio waliokuwa wakila jasho lake, wala wao hawakujua, wala yeye hakujua. Na binti angaliongezwa katika kazi ile, wangalikuwa wawili wanaofanya kazi bure badala ya mmoja.

Tulikubaliana naye ya kuwa saa yake isihesabiwe chini ya shilingi 80. Saa 3 ni 240. Pamoja na 120 ni 360. Na shilingi 40 ziwekwe kando kwa kuitengeneza cherahani na kulipa deni. Bei ikawa 400. Hatutaki kumdanganya msomaji, kwani wiki mbili za kwanza hakuuza hata mkoba mmoja, na baadhi ya waliomsifu walimwambia ameingiwa na tamaa. Ilikuwa siku za uchungu. Lakini hakushusha bei. Alirudia kazi yake akaiongezea bitana imara na mfuko wa ndani, akakataa kuuza kila kilichopinda. Kisha mwenye duka la kahawa alichukua mikoba 4 aijaribu, akarudi kutaka 12. Leo si tajiri. Deni la kaka yake amekwisha kulilipa nusu, na binti yuko skuli.

Baada ya mambo hayo tumejifunza ya kuwa bei ya haki ina pande mbili. Muuzaji hana ruhusa ya kumficha mnunuzi aibu ya gunia, na mnunuzi naye asijivunie kuipata kazi ya mjane kwa bei ya uzi. Mtume ametuagiza tumpe mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na mwanamke anayeshona nyumbani kwake ni mfanya kazi, ijapokuwa hana bwana wa kumlipa ila sisi tunaosimama mlangoni kwake tukiomba atupunguzie.

WENZETU WA BENGAL

Jambo hili lilikwisha kufanywa kule kule ilikotoka juti. Wanawake wa vijiji vya Bengal tangu zamani husuka kwa nyuzi za juti wavu wa kuning'iniza vyungu darini, mbali na panya na sisimizi, nao huuita sika. Kilikuwa chombo cha jikoni tu, hakina bei. Vita vya mwaka 1971 vilipokwisha na Bangladesh ikawa nchi huru, ilijaa wajane na wanawake waliopoteza kila kitu. Mwaka 1973 lilianzishwa Dhaka shirika liitwalo The Jute Works, kuwauzia wanawake wa vijijini kazi zao katika nchi za nje, na sika ikawa katika bidhaa zao za kwanza. Wavu wa chungu wa bibi zao ukawapatia chakula.

Wanawake hao hawakungoja wajifunze ufundi mpya wa kigeni, bali walianza na kile ambacho mikono yao ilikwisha kukijua, nao walijikusanya pamoja. Mwanamke mmoja mwenye mikoba 3 hupangiwa bei na kila apitaye. Wanawake 10 wenye mikoba 30, wenye kipimo kimoja na bei moja, hupanga bei wao. Twaona ya kuwa hapa ndipo penye kazi ya vyama vya akina mama katika misikiti na madrasa zetu. Wawe na siku moja katika wiki ya kushona pamoja, wanunue magunia kwa jumla wakiyachagua kwa macho ya watu wengi, na mwenye kujua hesabu awafundishe wasiojua.

Nao waume na kaka wana sehemu yao. Kuyapata magunia kwa mkaanga kahawa, kuyabeba na kuyakung'uta ni kazi nzito, wala haipungui heshima ya mwanamume akiifanya nyumbani mwake. Na fedha atakayoichuma mwanamke kwa sindano yake ni mali yake katika sheria yetu. Akitoa kwa ajili ya nyumba ni ihsani, wala mume asiifanye kisingizio cha kuacha kulisha watu wake.

KISICHOTUPWA

Baada ya kukata vitabaki vipande visivyofaa mkoba. Virefu visukwe kata za kuchukulia mizigo kichwani au vitandiko vya kuwekea vyungu, vikikaa mbali na moto, kwani juti hushika moto upesi. Vilivyo vidogo vitiwe katika mito ya kukalia. Na gunia lililochakaa lisiloshoneka tena lijazwe udongo na samadi, litobolewe ubavuni, lipandwe sukuma wiki au mchicha uani. Litamwagiliwa kwa msimu mmoja au zaidi kidogo, kisha lenyewe litaoza na kuwa udongo, jambo ambalo gunia la plastiki haliliwezi.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kulitupa lile gunia lililo nyuma ya mlango wa jikoni, lifungue, lisome maandishi yake, ligeuze ndani nje, na ujiulize katika mtaa wako ni nani aliye na sindano na hana kazi. Huenda wewe huna haja nalo. Mpe, tena utakapomrudia kununua alichokishona, mlipe saa zake. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuzihifadhi neema zake na kuwapa wenye haki haki zao. Amin.